Mzio: Kutoka Mwiko wa Chakula hadi Istilahi ya Tiba, na Athari zake katika Kueleza Visababishi vya Mabaka ya Ngozi

Ikisiri

Neno *mzio* ni la zamani kuliko dhana ya kitiba linayoibeba leo. Awali lilitaja kitu ambacho mtu hujizuia nacho, hasa chakula. Sasa linataja namna kinga ya mwili inavyoitikia kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara. Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo sambamba na historia ya utafiti kuhusu mabaka ya ngozi yanayovimba na kuwasha. Hoja yake ni kwamba maana kongwe ya neno haikufutika ilipokuja maana mpya. Ingali inawaelekeza wagonjwa na wahudumu kutafuta kitu cha kukatazwa, hata pale ambapo chanzo ni ambukizo, baridi, samaki aliyehifadhiwa vibaya, au kinga ya mgonjwa mwenyewe. Makala yanamalizia kwa mapendekezo ya uundaji wa istilahi zinazotenganisha dalili, mwitikio na kisababishi.

1.0 Utangulizi

Inakadiriwa kwamba takriban mtu 1 kati ya 5 hupatwa na mabaka ya mwasho angalau mara moja maishani. Mabaka hayo ni sehemu za ngozi zinazoinuka ghafla, huwasha sana, huhama kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine, na kwa kawaida kila baka hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha kovu. Si ugonjwa mgeni wala adimu. Hata hivyo, Kiswahili hakijaupatia jina moja linalokubaliwa kotekote. Wapo wanaosema *vipele*, wapo wanaosema *upele*, wengine *ukurutu* au *harara*, na wengi zaidi husema tu kwamba mgonjwa ana *mzio* au *aleji*.

Jina hili la mwisho ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anayesema "ana mzio" anataja kinachoonekana kwenye ngozi, na papo hapo anatoa hukumu kuhusu chanzo chake. Hukumu hiyo huandikwa katika kadi ya mgonjwa, hukumbukwa na familia, na huamua ni dawa gani au chakula gani kitakatazwa kwa miaka mingi. Ni muhimu basi kujua neno hili limetoka wapi na limebeba nini njiani.

2.0 Mzio katika familia ya lugha za Kibantu

*Mzio* ni neno la Kibantu lenye ndugu wengi katika eneo la Maziwa Makuu. Kiganda kina *omuziro*, Kinyarwanda na Kirundi vina *umuziro*. Tofauti ya umbo inaelezeka kwa urahisi. Kiswahili kimedondosha likwidi iliyokuwa kati ya irabu katika maneno mengi ambayo lugha za jirani zimeihifadhi: Kiganda husema *enjala* pale ambapo Kiswahili husema *njaa*, na *okuzaala* pale ambapo Kiswahili husema *kuzaa*. Kwa kanuni hiyo hiyo, *muziro* wa bara ndiyo *mzio* wa pwani. Mzizi wake una maana ya kujizuia au kujiepusha.

Kwa Waganda, *omuziro* ni alama ya ukoo. Mtu wa ukoo wa Mmamba hamli samaki mwenye jina hilo, wala mtu wa Ngonge hali fisimaji. Katazo hilo ni la wote waliozaliwa ndani ya ukoo, na ndilo linalowatambulisha. Nchini Rwanda na Burundi neno linaenea zaidi hadi kwenye matendo yasiyofaa kutendwa. Katika jamii kadhaa za Kibantu, maradhi ya ngozi yametajwa miongoni mwa adhabu zinazompata anayekula kilichokatazwa. Uhusiano kati ya chakula, katazo na ngozi, kwa hiyo, ulikuwapo kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa katika eneo hili.

Katika Kiswahili cha pwani, *mzio* ulikaa jirani na *mwiko* lakini haukulingana nao kabisa. Mwiko ni katazo linalotoka kwa jamii. Mzio uliweza kuwa wa mtu mmoja. Mtu ambaye tumbo lake halipatani na pweza, au ngozi yake huvimba akila kaa, aliweza kusema pweza au kaa ni mzio wake bila kuhusisha ukoo wala dini. Hapa ndipo neno lilipokuwa tayari kupokea maana ya kitiba: lilikwisha kutoka kwenye sheria ya kundi na kuingia kwenye tabia ya mwili wa mtu binafsi.

Mabadiliko makubwa zaidi yanaonekana katika sintaksia. Katika matumizi ya zamani husemwa, "Pweza ni mzio wake", katika matumizi ya sasa husemwa, "Ana mzio wa pweza." Katika sentensi ya kwanza mzio ni kitu kilichopo nje, kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole sokoni. Katika ya pili mzio ni hali iliyomo ndani ya mtu, na pweza ni kichocheo tu. Sentensi zote mbili zingali hai, na mara nyingi mzungumzaji mmoja huzitumia zote katika mazungumzo yale yale. Tatizo la istilahi linaanzia katika kuishi pamoja kwa sentensi hizo mbili.

3.0 Dhana iliyobadilika nayo pia

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lenye maana ya kuyumba na kikapokea dhana thabiti kutoka Ulaya. Dhana yenyewe ilikuwa ikibadilika.

Wagiriki wa kale waliyaita mabaka ya mwasho kwa jina la mmea unaochoma. Mwaka 1769 tabibu wa Uskoti, William Cullen, aliufuata mtindo huo alipoyapa jina la Kilatini *urticaria*, kutokana na *urtica*, mmea wenye nywele za kuchoma. Jina hilo lilieleza hisia tu. Halikudai kujua chanzo. Mwaka 1878 Paul Ehrlich alieleza aina ya seli zilizojaa chembechembe, akaziita kwa Kijerumani *Mastzellen*, akidhani zilikuwa zimelishwa zikashiba. Hakujua kwamba chembechembe hizo hubeba kemikali inayovimbisha ngozi. Kemikali hiyo, histamini, ilianza kuchunguzwa kwa kina na Henry Dale na wenzake kuanzia 1910.

Neno *allergy* lenyewe lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. Yeye na Béla Schick walikuwa wamewachunguza watoto waliodungwa seramu ya farasi kwa ajili ya dondakoo, ambao baada ya siku kadhaa walipata homa, viungo kuuma na mabaka ya mwasho. Pirquet aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya *nyingine* na *kazi* ili kutaja mwili uliobadilika namna ya kuitikia. Kwake, badiliko hilo liliweza kuwa la kudhuru au la kukinga. Ni wale waliomfuata waliolipunguza neno hadi likabaki na madhara peke yake.

Ushahidi kwamba mwitikio huo hubebwa na damu ulipatikana mwaka 1921. Heinz Küstner alikuwa akipata mabaka kila alapo samaki aliyepikwa. Mwenzake, Carl Prausnitz, ambaye samaki hawakumdhuru, alijidunga ngozini seramu ya Küstner. Siku iliyofuata alidunga dondoo ya samaki mahali pale pale, na baka likainuka. Kitu kilichokuwamo ndani ya damu kilitafutwa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1966 Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Marekani, walitambua kingamwili inayohusika. Watafiti wa Uswidi waliifikia kwa njia yao, na mwaka 1968 ikakubaliwa kuitwa IgE.

Tangu hapo sayansi ina maana finyu na iliyo wazi: mzio wa papo kwa hapo ni pale ambapo kingamwili ya aina ya IgE imeshika kitu fulani na kuziamuru seli za Ehrlich zimwage histamini. Ni maana ya hali ya ndani, inayolingana na sentensi ya "ana mzio wa pweza". Lakini ufinyu huo una matokeo yake. Kama mzio ni IgE, basi mabaka mengi ya mwasho si mzio.

4.0 Visababishi ambavyo mwiko hauelezi

Visababishi vinavyojulikana zaidi ni vile vinavyofanana na mwiko: kamba, kaa, samaki, mayai, maziwa, karanga na jamii za kokwa, penisilini na dawa nyingine, sumu ya nyuki na nyigu, na mpira wa glavu. Kwa hivi, kanuni ya zamani inafaa: kitambue kitu, kiepuke. Mwaka 1999 Tume ya Codex Alimentarius iliweka katika kiwango chake cha lebo orodha ya vyakula vya aina hii ambavyo lazima vitajwe daima kwenye vifungashio.

Kundi la pili halifuati kanuni hiyo. Kwa watoto, chanzo kikuu cha mabaka ya ghafla ni maambukizi ya virusi. Mtoto hupata homa, hupewa kiuavijasumu ambacho pengine hakukihitaji, na siku ya pili ngozi huinuka mabaka. Virusi havionekani, dawa inaonekana. Familia iliyorithi wazo kwamba mzio ni kitu cha kukatazwa humkatazia mtoto dawa hiyo maisha yake yote. Katika nchi ambako watu wenye rekodi ya mzio wa penisilini wamepimwa kwa wingi, takriban 9 kati ya 10 hukutwa wanaweza kuitumia bila madhara. Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa penisilini ya benzathini ndiyo dawa ya kaswende kwa mama mjamzito na ndiyo kinga ya kurudi kwa homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo.

Kundi la tatu ni vichocheo vya kimwili: kukwaruzwa, mkanda uliobana, maji ya baridi, jua, au jasho la kazi. Hapa hakuna chakula cha kuacha. Kundi la nne ni mabaka yanayorudi kwa zaidi ya wiki 6, ambayo kwa wagonjwa wengi hayana kisababishi chochote cha nje. Mwaka 1993 watafiti wa London walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hao wana kingamwili zinazoshambulia kipokezi cha IgE kwenye seli zao wenyewe. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuacha mayai, kisha samaki, kisha maziwa, kisha karanga, akakonda na mabaka yakabaki.

Kisa cha tano kinagusa pwani moja kwa moja. Jodari, vibua na nguru wana kiasi kikubwa cha histidini katika nyama yao. Wasipowekwa kwenye barafu mapema baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayekula samaki huyo huwaka uso, hupata mabaka, kichwa humwuma, na pengine huharisha, yote ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Dalili ni zile zile za mzio kwa sababu kemikali ni ile ile. Tofauti ni kwamba imetoka kwenye sahani, haikutoka kwenye seli za mlaji. Wenzake waliokula samaki yule yule wanaweza kudhurika pamoja naye.

Jina linalopewa tukio hili huamua nani ataulizwa. Likiitwa mzio, kasoro imewekwa ndani ya mwili wa mlaji, naye ataambiwa aache samaki. Likiitwa sumu ya histamini, swali linahamia bandarini, kwenye chombo cha uvuvi na kwenye ghala la barafu. Hili si suala la wanaisimu peke yao.

5.0 Dawa na ngozi: mifano miwili ya Afrika Mashariki

Historia ya karibuni ya eneo hili inatoa mifano miwili ya dawa zilizogusa ngozi za watu wengi, na kila mmoja unadai jina lake.

Wa kwanza ni klorokwini. Kwa miongo mingi ilikuwa dawa kuu ya malaria, na Waafrika wengi walioinywa waliwashwa mwili mzima, mara nyingi bila kipele hata kimoja. Walisema wana mzio wa klorokwini, wakaikwepa au wakainywa pamoja na dawa ya kupunguza mwasho. Lakini mwasho huo haukuitikia vizuri antihistamini, na sababu ilianza kueleweka mwaka 2009, watafiti walipoonyesha katika panya kwamba klorokwini huamsha neva za mwasho kupitia kipokezi chake, bila kupitia histamini. Ulikuwa mwasho wa kweli, lakini haukuwa mzio. Kenya iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea. Dawa ya salfa iliyoshika nafasi yake ilikuja na hofu yake yenyewe ya madhara ya ngozi, yaliyo nadra lakini makali.

Wa pili ni tiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI walipata athari za ngozi kutokana na dawa hiyo mara nyingi zaidi kuliko wasio na virusi. Baadhi ya athari hizo zilikuwa za kubambuka kwa ngozi, na ziliua. Dawa hiyo ikaondolewa kwa wagonjwa hao, na ethambutoli ikachukua nafasi yake.

Kiswahili cha kawaida huviita visa vyote viwili *mzio wa dawa*. Cha kwanza ni kero inayopita. Cha pili ni hatari ya kifo ambayo mgonjwa hapaswi kamwe kuonjeshwa tena. Neno moja linalofunika vyote viwili hutisha pasipostahili na huliwaza pasipostahili.

6.0 Majina ya dalili

Ikiwa *mzio* hauwezi kuwa jina la mabaka, jina lipi lifae? *Upele* halifai, kwa sababu kwa Waswahili wengi ni ugonjwa unaoambukiza unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozini. Mtu mwenye mabaka akiambiwa ana upele hupakwa dawa ya mdudu ambaye hayupo, na familia nzima hupakwa pamoja naye. *Harara*, lenye asili ya Kiarabu, limeshika nafasi ya vipele vya joto. *Ukurutu* hutumika kwa ngozi iliyokauka na kukwaruka kwa muda mrefu. *Malengelenge* yana maji ndani, mabaka hayana.

Kuna pia kishawishi cha kufuata njia ya Cullen na kuchukua jina la mmea. Kiswahili kinao *upupu*, ambao kila aliyesoma shule ya bweni anaujua kwa mzaha mbaya wa kumwagiana. Lakini mfanano huo unadanganya: upupu huwasha hasa kwa kimeng'enya kilichomo katika nywele zake, si kwa histamini. *Mabaka ya mwasho*, ingawa ni maneno matatu, lina sifa inayohitajika: linataja kinachoonekana na kinachohisiwa, na linanyamaza kuhusu chanzo.

Kueleza kinachoonekana nako kuna mtego. Vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Ulaya husisitiza wekundu. Kwenye ngozi nyeusi baka mara nyingi lina rangi ya ngozi yenyewe au huikaribia, na hutambulika zaidi kwa kuinuka kwake na kwa mguso wa kidole. Mwongozo wa afya unaosema "tafuta wekundu" huwafanya wahudumu wawakose wagonjwa wanaokusudiwa.

Kwa kisababishi, baadhi ya waandishi wa tiba wamejaribu *kizio*. Uundaji wake ni mzuri kimofolojia, kwa kuwa ngeli ya KI-VI inafaa kwa vitu. Lakini *kizio* tayari ni nusu ya dunia katika jiografia na ni kipimo katika hisabati. *Kichochezi cha mzio* ni kirefu, ila hakina mgongano.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

*Mzio* ni neno bora kwa dhana ya kinga, na halina haja ya kuachwa kwa ajili ya *aleji*. Lina mizizi katika lugha za nchi jirani, jambo ambalo ni adimu kwa istilahi za tiba. Msemaji wa Kiganda au Kirundi anaweza kulitambua bila kufundishwa. Lakini utambuzi huo huo humrudisha kwenye maana ya katazo. Istilahi haiwezi kufuta historia yake. Inaweza tu kuwekewa mipaka.

Mipaka inayopendekezwa ni minne. Kwanza, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zishirikiane kusanifisha majina matatu tofauti: *mabaka ya mwasho* kwa dalili, *mzio* kwa mwitikio wa kinga, na *kichochezi cha mzio* kwa kisababishi. Pili, fomu za vituo vya afya zitenganishe *mzio wa dawa* na *athari ya dawa*, na ziwe na nafasi ya kueleza kilichotokea: mwasho mtupu, mabaka, kubambuka kwa ngozi, au kushindwa kupumua. Tatu, mabaka baada ya kula samaki yaripotiwe pamoja na idadi ya waliokula na mahali samaki alikonunuliwa. Nne, ujumbe kwa umma ueleze ishara za hatari kwa maneno ya kawaida: midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu au kuzirai. Mwenye ishara hizo anahitaji sindano ya adrenalini mara moja. Mjadala wa kujua alikula nini unaweza kusubiri.

Swali la kwanza ambalo *mzio* umewafundisha watu kuuliza ni, "Umekula nini?" Ni swali zuri, na mara nyingine ndilo linalofaa. Kazi ya istilahi mpya ni kuhakikisha kwamba yanafuata na mengine: ulikuwa na homa, ulipatwa na baridi, umeanza dawa gani, wenzako nao waliumwa, na mabaka haya yamekuwa yakirudi kwa muda gani.